Sikupiti Tena

Jafari Chilumba aliacha mashindano ya pikipiki akiwa na miaka ishirini na sita, na hakuwa amevunjika hata kidole. Pikipiki yake ilikuwa nzima. Kikombe cha mwisho alichoshinda kilikuwa bado kinang'aa juu ya kabati la mama yake kule Rutamba, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Alikuwa ameshinda miaka minne mfululizo, na kuanzia Mingoyo hadi Kilwa Masoko hakuna aliyekuwa na shaka kwamba angeshinda na wa tano.

Mtu akiacha kitu akiwa juu, watu hawamwachi. Kijiweni, pale njia panda ya Mingoyo, bodaboda wenzake walisema ameoa na mke amemkaza breki. Wengine walisema wapinzani wa Kilwa walimtupia kitu barabarani, akakivuka bila kujua. Wazee waliotoka msikitini walisema alhamdulillahi, kijana amepata akili. Kila mmoja alimchagulia sababu iliyomfaa mwenyewe, na Jafari hakumkatalia yeyote. Alifuta kiti cha pikipiki yake kwa kitambaa, akauliza, "Haya, nani anakwenda Lindi mjini?"

Sababu yenyewe ilikuwa maneno mawili aliyoyatamka kwa mdomo wake, mchana kweupe, mbele ya msiba mzima.

Alizaliwa Rutamba katika nyumba ya watu wa mikorosho. Mama yake na mama yake Haruna walikuwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo Jafari na Haruna walikua kama ndugu, watoto wa ukoo mmoja, waliokula sinia moja na kuingia jando kambi moja. Mjomba wao, Abilahi, alikuwa wa kwanza upande ule kununua pikipiki ya kubebea korosho, na pikipiki hiyo ndiyo iliyokuwa shule yao. Si kwamba mjomba aliwafundisha. Aliwafungia magunia nyuma, akawaambia, "Gunia likianguka, msirudi nyumbani," kisha akaenda zake kujilaza.

Pikipiki yenye magunia haina mchezo. Ukishika breki vibaya kwenye kichanga, gunia linatangulia na wewe unalifuata. Ukivuta mafuta kwa pupa mlimani, gurudumu la mbele linanyanyuka kama punda aliyekasirika. Jafari alijifunza kusimama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa laini, na kusikiliza. Injini ilimwambia kina cha mchanga kabla gurudumu halijazama. Ilimwambia lini abadilishe gia, lini aivumilie. Baadaye watu walipomwuliza siri ya ushindi wake alishindwa kueleza, akawa anasema, "We sikiliza tu," nao wakadhani anawaficha.

Haruna alijifunza kitu kingine. Alijifunza kukaa nyuma ya Jafari, karibu kabisa, bila kumgusa.

Kila mwaka, korosho zikishauzwa na watu wakiwa na furaha kidogo mfukoni, palikuwa na Mbio za Kufunga Msimu. Walikuja wapanda pikipiki wa Mtwara, wa Nachingwea, wa Kilwa. Waling'oa vioo na vibebeo, wakabadilisha cheni, wakajaza mafuta, wakasoma dua au wakapiga ishara ya msalaba, kila mtu na lake. Walianzia Mingoyo, wakaiacha lami, wakapita njia za ndani za mashamba, vichanga na vijito na vilima vya udongo mwekundu, mpaka uwanja wa mpira wa Rutamba. Hapakuwa na uzio wala gari la wagonjwa. Palikuwa na turubai Mingoyo na jingine Rutamba, mgeni rasmi, na ahadi. Kila mwaka mgeni rasmi alisimama chini ya turubai akasema vijana hawa ni hazina, na kwamba watajengewa uwanja wao wa mashindano. Kisha aliondoka kwa gari lililofungwa vioo, na hazina ikabaki inajiosha damu magotini kwa maji ya chupa. Sisi ni hodari wa kukipigia makofi kipaji. Kukilea bado hatujaanza.

Jafari alikuwa wa kwanza, Haruna wa pili. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Na uliofuata. Haruna alifika kwenye utepe akiwa mwekundu toka utosini hadi viatuni, meno tu ndiyo meupe, akavua kofia yake ngumu, akatema mate na kusema kwa sauti ya kusikika na uwanja wote:

"Bingwa! Wewe hujui vumbi lina ladha gani. Hujawahi kulila. Mimi nimekula lako mpaka nimeshiba."

"Nipite basi," Jafari alimjibu. "Nani amekuzuia?"

"Nitakupita. Siku hiyo utakula langu, na utaomba maji."

Watu walicheka, na wao wenyewe walicheka zaidi. Huo ndio ulikuwa mchezo wao, na Jafari alidhani utadumu mpaka uzeeni.

Miezi michache baada ya kikombe cha nne, wakati wa kupalilia chini ya mikorosho, kifutu alimuuma Haruna kwenye kifundo cha mguu. Zahanati ya karibu haikuwa na dawa ya sumu ya nyoka. Dawa ile inataka jokofu, jokofu linataka umeme wa uhakika, na umeme wa uhakika hufika kwanza kwa watu wanaojua kupiga kelele. Nyoka humuuma mkulima, lakini kinachomuua ni umbali. Basi Jafari aliwasha pikipiki. Wakamweka Haruna katikati, na jirani yao Abdala akapanda nyuma kumshikilia.

Njia ilikuwa ile ile ya mashindano, ila kinyume, kutoka Rutamba kwenda kwenye lami. Kidevu cha Haruna kilikuwa begani kwa Jafari, pumzi yake ya moto inampiga sikioni. Mwanzoni alitania.

"Leo hujaniacha nyuma, bingwa. Leo tunafika pamoja."

"Nyamaza, usijichoshe."

"Tazama hiki kijito. Hapa huwa unaniacha kila mwaka. Leo je?"

Baadaye alinyamaza. Jafari alikuwa na vitu viwili vya kusikiliza, injini na pumzi, na alijikuta anaisahau injini. Hakuwahi kuendesha vile kabla ya siku hiyo wala baada yake. Abdala husimulia mpaka leo kwamba kuna mahali alifumba macho akaanza kuisoma shahada. Hospitalini walipokelewa vizuri, dawa ikapatikana, wauguzi wakahangaika. Haruna aliishi siku moja zaidi, akafariki.

Hakuna aliyemlaumu Jafari. Walimshukuru. Mama mkubwa Fauzia, mama yake Haruna, alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Umemkimbiza mwanangu kuliko upepo." Labda kama mtu angemlaumu angepata kitu cha kushikilia na kubishana nacho. Alipata shukrani tu, na shukrani haina pa kushika.

Sasa, ukoo wao una watani, na kwenye misiba ya watu wa Lindi mtani ana kazi. Mtani wao mkubwa alikuwa Bi Mwanaima, mama wa makamo muuza vitumbua, aliyeogopwa misibani kuliko mvua. Siku ya maziko alikuwa amelikalia jiko, akazuia wali usipakuliwe mpaka alipwe, eti Haruna amekufa na deni la mbuzi wake. Hapakuwa na mbuzi. Wafiwa walimrushia sarafu na matusi, akaondoka anacheka, na chakula kikapakuliwa. Ndivyo ilivyo. Mtani huja na upuuzi wake kuwakumbusha wafiwa kwamba wao bado wako hai.

Siku ya tatu Bi Mwanaima alitoka ndani ya nyumba amevaa koti la Haruna na kofia yake ngumu nyekundu. Viatu vya Haruna alikuwa amevivaa, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Katikati ya miguu alikuwa na mchi wa kutwangia, ameupanda kama pikipiki, anaungurumisha mdomo. Aliuzunguka uwanja. Na alikuwa Haruna. Bega la kushoto lilishuka kidogo vile vile. Alitema mate vile vile. Kwenye kundi la wanawake, mama mkubwa Fauzia alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu msiba uingie, kisha akajifunika uso kwa kanga akaendelea kucheka humo humo.

Bi Mwanaima alifunga breki mbele ya jamvi la wanaume, mbele ya Jafari. Akanyanyua kioo cha kofia.

"Bingwa!" Sauti ilikuwa ya Haruna. "Mbona umekaa? Mimi naondoka."

Watu wakaangua kicheko.

"Miaka yote nimekula vumbi lako. Leo nimetangulia mimi. Haya niambie, ukinifuata huku niendako, utanipita tena?"

Kila mtu pale alijua jibu lake. Jibu ni tusi. Unasema, toka hapa mzuka wewe, hata ahera nitakupita! Unarusha kandambili, unarusha sarafu, mtani anakimbia na mchi wake, watu wanacheka, basi. Mtoto wa Rutamba anayajua hayo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mtani hajibiwi kwa ahadi, kwa sababu mtani amesimama mlangoni mwa marehemu, na ukimwahidi yeye, hujui nani ndani ameisikia ahadi hiyo.

Lakini Jafari hakumwona Bi Mwanaima. Aliliona koti, akaliona bega lililoshuka. Akapiga magoti juu ya jamvi.

"Sikupiti tena," alisema. "Haki ya Mungu, Haruna, sikupiti tena."

Kicheko kilikatika. Bi Mwanaima alijaribu kuokoa jahazi. "We bwana, nijibu kitani! Nitukane!" alinong'ona kwa sauti yake mwenyewe. Jafari alikuwa analia kwa mara ya kwanza tangu hospitalini, na mzee mmoja mwenye usikivu hafifu, aliyezoea kuitikia kila dua inayopita karibu, akasema, "Amina." Wanaume wote jamvini wakaitikia. Mchi ulianguka chini.

Hivyo ndivyo bingwa alivyostaafu.

Maisha yaliendelea, kama yanavyofanya bila kuomba ruhusa. Jafari alimwoa Naima, msichana wa Mingoyo mwenye maneno ya haraka, akahamia kwao, akaendelea kubeba abiria. Aliendesha kwa adabu hata wanawake wajawazito wakawa wanamwulizia yeye tu. Msimu ulipofungwa tena, aliwabeba watazamaji kuwapeleka kwenye mashindano, akawashusha, akarudi kutafuta wengine. Alijipangia kazi nyingi siku ile. Lakini mngurumo wa pikipiki nyingi zikiwashwa pamoja hauna ukuta, ulimfuata popote. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukijikunja wenyewe.

"Mkono wako unakwenda wapi?" Naima alimwuliza siku moja wakila.

"Uko hapa."

"Uko hapa unavuta mafuta kwenye ugali."

Alikuwa anatamani kila kitu. Alitamani harufu ya mpira wa tairi uliochemka, na ile sekunde kabla ya bendera kushuka ambapo dunia nzima inabaki upana wa njia moja. Alitamani vilima. Zaidi ya yote alitamani kufika, kuzima injini, na kusikia nyuma yake injini ya pili inazimika, na mtu anatema mate.

Mwaka wa tatu, Gregori alikuja kijiweni. Gregori alikuwa kijana wa Njinjo kule Kilwa, Mmatumbi wa milimani, Mkatoliki mwenye rozari iliyofungwa kwenye usukani, na ndiye aliyekuwa ameshinda mara zote mbili tangu Jafari aache.

"Shikamoo, bingwa."

"Unaniamkia shikamoo mimi na wewe rika moja?"

"Sikuamkii wewe, naamkia nafasi yako." Gregori aliegesha pikipiki, akaketi kwenye benchi. "Kaka, nina vikombe viwili nyumbani. Njinjo nzima ilinipigia vigelegele. Mama yangu peke yake ndiye aliyeniuliza, yule wa Rutamba alikuwepo? Nikasema hakuwepo. Akaniambia, basi kitumie hicho kunywea maji."

Kijiwe chote kilicheka. Abdala alipiga kofi pajani. "Mama yako apewe kikombe yeye!"

"Njoo safari hii," Gregori alimwambia Jafari. "Nishinde au nikushinde, nipate kulala."

"Nimeacha."

"Najua umeacha. Nakuuliza kama umechoka."

Jafari aliokota kitambaa, akaanza kufuta kiti cha pikipiki yake. Gregori aliitazama njia inayoingia mashambani, akaongea taratibu, kama mtu anayetoa kitu alichokikalia muda mrefu.

"Halafu kuna jambo. Miaka yote ile mimi sikuwahi kushindana na wewe. Nilikuwa nashindana na Haruna. Kila nikikukaribia, ninamkuta yeye. Kwenye kijito anapanua viwiko, kwenye kichanga anahama kulia, kilimani anajaa njia nzima kama lori. Anaweza kukufikia, namwona kabisa anaweza, lakini hakufikii. Anakaa pale. Sisi wa Kilwa tulikuwa tunamwita mlango. Wewe ulikuwa unakimbia ndani ya nyumba yako, na yeye amefunga mlango."

"Nani amekwambia hayo?"

"Nani aniambie? Mimi ndiye niliyekuwa nagonga."

Jafari alirudi nyumbani. Mtu wa mbele haoni nyuma. Kwa miaka minne aliisikia ile injini ya pili karibu naye akadhani inamwinda. Alikuwa anakimbia kwa sababu yake. Sasa hakujua tena vikombe vile ni vya nani, na alitaka kujua. Alitaka kupanda mara moja tu, bila mlango, aone ni nani.

Alimweleza Naima yote, hata maneno ya msibani, ambayo Naima aliyasikia mtaani lakini hakuwahi kuyasikia kwake.

"Nenda kwa aliyekufunga akufungue," Naima alisema. "Mimi sijakufunga."

"Kijiwe chote kinasema ni wewe."

"Waache. Mke kuitwa breki ni sifa. Ungeoa pancha je?"

Asubuhi yake Jafari alikamata jogoo, akamfunga miguu, akaenda Rutamba. Njia nzima alikuwa anajifundisha matusi. Alimkuta Bi Mwanaima uani anasafisha kikaango cha vitumbua, na jirani yake, Mama Cecilia, yuko ng'ambo ya wigo anaanua nguo.

"Shikamoo, Bi Mwanaima."

"Marahaba, mume wangu. Hiyo ndiyo mahari? Imekonda kama mwenyewe."

"Nimekuja unifungue."

Bi Mwanaima aliacha kusugua. Utani ulimtoka usoni kidogo, ukarudi.

"Nimekusubiri mpaka nimeota mvi. Unajua ulinitia aibu? Miaka yote nawachekesha wafiwa, hakuna aliyewahi kuniapia. Mimi kazi yangu ni kupokea matusi, bwana, si viapo. Nilikosa usingizi kwa ajili yako."

"Sasa tufanyeje?"

"Tunarudia. Na safari hii nijibu kama mtu aliyelelewa na mama. Nitukane vizuri. Mama Cecilia! Njoo uwe shahidi, kuna mtu anataka kunitukana."

"Nakuja!" Mama Cecilia aliitikia, akaacha nguo kwenye kamba. "Na mimi nitukane kidogo?"

Koti na kofia vilikuwa chumbani kwake. Alivichukua siku ile kama haki ya mtani. Alivivaa polepole, maana jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Akachukua mchi ukutani, akaupanda. Akauzunguka ua mara moja, bega la kushoto limeshuka, akafunga breki, akatema mate, akanyanyua kioo.

"Bingwa! Mbona umekonda? Naima hapiki?"

Mama Cecilia alicheka mpaka akashika wigo.

Jafari alifungua mdomo. Tusi lilikuwa tayari, alilibeba tangu Mingoyo, tusi zuri lililomgusa mzuka, na mzimu, na mama mkwe wa mzimu. Halikutoka.

"Nijibu basi, nimetoka mbali. Ukinifuata huku, utanipita tena?"

"Haruna," Jafari alisema, "ni kweli ulikuwa unanifungia mlango nyuma?"

Swali hilo halikuwamo kwenye mchezo. Bi Mwanaima hakuwahi kupanda pikipiki isipokuwa kama abiria, kwa kupiga kelele, na hakujua mlango gani unaosemwa. Angeweza kuvua kofia pale pale. Lakini alimtazama kijana aliyesimama mbele yake na jogoo mkononi, akajibu, na sauti ilikuwa ile ile.

"Wewe ulikuwa hugeuki, bingwa. Asiyegeuka nani atamwambia?"

Jafari alicheka, machozi yakamshuka huku anacheka. Akakaa chini, palepale kwenye vumbi la uani, jogoo mapajani.

"Endelea kuongea," alisema.

"Niseme nini tena?"

"Chochote. Niambie sijui ladha ya vumbi."

Bi Mwanaima alivua kofia. Uso wake ulikuwa umelowa, na si jasho peke yake. Aliuegemeza mchi ukutani, akachuchumaa mbele yake.

"Jafari, mwanangu." Hakuwahi kumwita hivyo, mtani haiti mtu mwana. "Wewe hukuja kufunguliwa. Umekuja kumsikia."

Jafari aliitikia kwa kichwa.

"Nikikufungua, atakwenda zake. Hilo ndilo hutaki."

"Nataka yote mawili."

"Yote mawili hakuna," Bi Mwanaima alisema kwa upole. "Mimi nimekujia mara mbili, na mara mbili umemjibu yeye. Sina uwezo tena. Kamba imo mkononi mwako mwenyewe, siku ukiichoka utaiachia."

Jafari aliinuka, akajipangusa. Akafikiri kidogo, akamnyanyua jogoo ili aondoke naye.

"Weka hapo!" Bi Mwanaima alimdaka mkono. "Unadhani nimelivaa likofia lile bure, na joto hili?"

Siku ya mashindano, Gregori alimkuta Jafari Mingoyo, amevaa shati safi. Wapangaji wa mbio walikuwa wamemwomba ashushe bendera, na safari hii hakukataa. Alikuja mapema. Alizipita pikipiki zote kwenye mstari, moja moja, anaziinamia na kuzisikiliza. Mwenye moja alimwambia aikaze plagi yake.

"Kwa hiyo hupandi," Gregori alisema. Alikuwa amekwisha kuvaa kofia, macho tu yanaonekana.

"Sipandi."

"Kwa nini, kaka? Niambie mimi peke yangu. Unaniogopa?"

"Ningekupita kwenye kichanga cha kwanza," Jafari alisema, na hakuna aliyekuwa karibu aliyefikiri ni majigambo. "Lakini mbele yangu kuna mtu. Nikipanda, itabidi nimpite."

Gregori aliigusa rozari kwenye usukani. "Basi mama yangu atakinywea maji na cha tatu," alisema, akashusha kioo.

Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kusema habari za hazina. Jafari alisimama mbele ya mstari na bendera juu. Injini zilipanda, zikawa sauti moja, na ndani ya sauti hiyo alizisikia zote mbalimbali: iliyochoka, yenye pupa, ile ya Gregori iliyotulia kama mtu anayejua anakokwenda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekaa kimya. Wa kulia, ulioshika bendera, ulijikunja kidogo kwenye kifundo.

Akaishusha.

Zilimpita kulia na kushoto. Upepo wake ulilivuta shati lake. Zikaiacha lami, zikaingia njia ya mashamba, na nyuma yake udongo mwekundu ukanyanyuka kama ukuta, ukarudi kwa watu. Watazamaji walijifunika nyuso kwa kanga na mikono, wakakimbilia nyuma ya turubai. Jafari hakusogea. Hakufunika mdomo. Hakuwahi kusimama mahali pale. Siku zote mawingu hayo aliyafanya yeye, akaondoka nayo yakiwa mgongoni, na hakujua yanakwenda kwa nani.

Vumbi lilimwingia puani, likakaa kwenye ulimi. Lilikuwa na chumvi kidogo, na chuma, na kitu kama ganda la korosho lililochomwa. Lilikuwa jingi kuliko alivyodhani. Alilimumunya taratibu, akijaribu kulijua, huku ngurumo ikififia upande wa Rutamba.

Abdala alikuja anakohoa, na chupa ya maji mkononi. "Shika, unywe. Umekuwa mwekundu kama kichuguu."

Jafari aliipokea chupa, akaishika. Hakuifungua.